Muuza Uji Si Habari

Sentensi ya nne ilipata mikono ishirini na tisa, ya tano ikapata ishirini na saba, na Mwalimu Nakundwa Mbwambo akaanza kujisikia fahari, hisia ambayo kila siku aliwakataza wanafunzi wake kuileta darasani. Watoto thelathini na mmoja wa Shule ya Kati ya Ngurunga Mpya, mdogo wao ana miaka kumi na miwili na mkubwa kumi na minne, walikuwa wamerudi kutoka kwenye handaki la maji saa moja iliyopita, sare zao bado zina vumbi la mwamba. Walikuwa wamesimama nje ya lango kwa zoezi la asubuhi, kila mtu na ubao wake wa kuandikia, wakati paa la handaki lilipoporomoka na wafanyakazi wakatoka mbio, weupe kama waliomwagiwa unga, na lango likajifunga nyuma yao. Watoto wengine wangekuwa nyumbani sasa hivi, wanalia mapajani mwa mama zao. Hawa walikuwa wanachuja.

Kuchuja ndiyo ilikuwa roho ya somo la muhtasari. Kila mwanafunzi aliandika wake peke yake, bila kuchungulia kwa jirani, halafu sentensi zikasomwa moja moja mbele ya wote. Iliyoandikwa na watatu au zaidi ilibaki. Ya mmoja au wawili ilikatwa, hata ingekuwa tamu namna gani, maana kilichoonwa na mmoja kinaweza kuwa maoni yake, au woga wake, au njaa yake tu.

"Ya sita," Nakundwa alisoma. "'Kofia kumi na moja ziliingia, kofia kumi na moja zilitoka.' Mikono?"

Yote ilikuwa juu.

"Ya saba. 'Watu wote walitoka wakiwa hai.'"

Thelathini. Hakujisumbua kutafuta mkono uliobaki chini ni wa nani. Watu thelathini wakikubaliana jambo, nani ana muda wa kumtafuta wa thelathini na moja?

"Na hii ya mwisho." Aliisogeza karatasi mbali kidogo na macho. "'Mama wa uji aliingia na ndoo ya kijani kabla ya paa kuanguka. Sikumwona akitoka.' Nani ameandika?"

Mkono mmoja ulipanda, mwembamba, una wino hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa wa Eliwaza, msichana wa dawati la nyuma ambaye muhtasari wake siku zote ulizidi urefu.

"Mwingine?"

Hakuna.

"Eliwaza, mama yangu, wiki iliyopita tulisema nini juu ya mtu anayepita tu kwenye tukio?"

Hata hakupewa nafasi ya kujibu. Darasa zima lilimjibia kwa sauti moja, kwa furaha: "Muuza uji si habari!"

Walicheka, na Nakundwa akacheka nao. Msemo ulikuwa wake mwenyewe. Wiki iliyopita aliwapa kifungu kuhusu uzinduzi wa kituo cha umeme, na mwandishi wa kifungu kile, kwa kupamba, alimtaja muuza uji aliyekuwa getini. Nusu ya darasa wakamweka muuza uji kwenye muhtasari. Nakundwa akawauliza, mkimtoa huyu, kituo hakizinduliwi? Kinazinduliwa. Basi muuza uji si habari. Watoto wakaupenda mpaka wakawa wanauimba kwenye kamba ya kuruka.

Akapiga mstari juu ya sentensi ya Eliwaza. Saa nne na robo muhtasari ulikwenda, sentensi saba, bila neno moja la maoni. Ulikuwa muhtasari bora kuliko yote aliyowahi kutuma.

*

Ngurunga Mpya hakuna aliyeona ajabu mji mzima kuendeshwa kwa maandishi ya watoto. Wazee walikumbuka Miaka ya Uzushi, pale simu yoyote ilipoweza kumtengeneza mtu yeyote akisema neno lolote. Walikumbuka alasiri moja ambapo sauti ya mkuu wa mji, ambayo haikuwa yake, iliwaita watu kwenye daraja lililokuwa limekatika. Waliokwenda hawakurudi. Baada ya hapo mji ukajenga mtambo ulioitwa Msimamizi, ukampa funguo za kila kitu: malango, mabomba, treni, milango ya zahanati. Ukamfundisha asiamini picha, wala kilio, wala kiapo.

Sauti ya mtu Msimamizi aliikubali kwa mambo madogo ya hapo hapo, kufungua mlango au kuita gari la wagonjwa. Lakini habari, yaani nini kimetokea na nani kahusika, aliipokea kwa njia moja tu: muhtasari wa darasa la kati, ulioandikwa kwa kalamu ya kipimo. Mtoto wa miaka minane ukimpeleka kwenye moto atakuletea habari za mbuzi aliyekimbia. Wa miaka kumi na sita ameshajua nani wa kumfurahisha. Hapo katikati, walisema waliojenga, ipo miaka mitatu ambayo binadamu anaona kilichopo na anaweza kukiandika. Kwa hiyo walimu wa muhtasari walilipwa vizuri, na waliheshimiwa, na walilala usingizi mwepesi.

*

Saa sita kasoro dakika kumi, king'ora cha shule kilitoa sauti ile laini ya Msimamizi, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Muhtasari wa Darasa la Pili la Shule ya Kati umepokelewa. Handaki halina mtu. Saa saba kamili maji yatafunguliwa kusafisha kifusi. Wananchi wakae mbali na mfereji."

Nakundwa alikuwa ofisini kwa walimu, peke yake, anamenya yai. Alisikiliza kama mtu anavyosikiliza jina la mwanawe likitajwa kwa sifa. Alipoinua kichwa, Eliwaza alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujaenda kula?"

"Mwalimu, maji yatapita ndani kote? Mpaka kule kwenye kichumba cha pampu?"

"Kote. Ndiyo maana ya kusafisha."

Mikono ya mtoto ilikuwa inashikana yenyewe kwa yenyewe. "Ndiko anakowapelekea uji. Ana benchi lake kule. Hakutoka, Mwalimu."

"Eliwaza. Kofia kumi na moja ziliingia, kumi na moja zikatoka. Umeandika mwenyewe."

"Yeye havai kofia."

Nakundwa aliliweka yai chini. Msimamizi alihesabu kofia, kwa kuwa kofia ndizo zenye kihesabio. Mkuu wa zamu pale handakini alihesabu majina yaliyo kwenye daftari lake. Mama wa uji hakuwa na kofia wala hakuwa daftarini, kwa sababu haikuruhusiwa aingie, na wafanyakazi walikuwa wakimwingiza kila Alhamisi kwa kuwa uji wa moto ndani ya mlima si kitu cha kukataa. Haya yote aliyajua, na kila mtu mjini aliyajua. Hakuna aliyewahi kuyaandika mahali popote.

"Niitie Mcharo," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Mcharo alikuwa mwanafunzi wake bora, mvulana nadhifu aliyekata maneno kama fundi cherehani. Alikuja na mkate mkononi.

"Asubuhi ulimwona mama wa uji?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Akiingia?"

"Akiingia. Alinipungia upawa."

"Ulimwona akitoka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa mbona hukuandika?"

Mcharo alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtoto aliyefanya alichotumwa kisha akaulizwa nani kamtuma. "Si habari, Mwalimu."

Nakundwa alitoka uwanjani na viatu vyake vya ofisini, akawakamata mmoja mmoja, chini ya bomba, kwenye kamba, kwenye foleni ya maharage. Ulimwona mama wa uji? Wanne wengine walimwona. Mmoja alikumbuka hata rangi ya khanga. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyesahau. Walimwona, wakampima, wakamtoa, kila mmoja kichwani mwake, kabla kalamu haijagusa karatasi. Walifanya hivyo vizuri kwa sababu alikuwa amewafundisha vizuri.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Ilimbidi aegemee ukuta wa choo cha wavulana mbele ya watoto wanaokula. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika nane.

*

"Funga mlango," alisema Mwalimu Mkuu Senkondo, na Nakundwa alipoufunga, mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Nimeshampigia yule wa zamu kabla hujaingia," alisema. "Kuna mtoto wako mmoja alikuja kwangu kwanza, akilia. Jamaa anasema hajui mama uji yeyote, hajawahi kumwona, na nisimpigie tena. Anaogopa kumwaga unga."

"Lango lile haliwezi kufunguliwa kwa mkono?"

"Ni chuma tupu, Nakundwa. Halina hata kitasa."

"Basi tutume muhtasari mwingine."

"Juu ya huu? Habari mbili za tukio moja kutoka darasa moja, Msimamizi anazikataa zote. Ukitaka kuleta wa pili, utangue wa kwanza." Aliirudisha miwani usoni. "Na unajua kutangua ni nini. Wewe kuliko mtu yeyote hapa."

Alijua. Kaka yake Mbazi alikuwa na miaka kumi na mitatu mwalimu wake alipotangua muhtasari wa ajali ya lori, kwa ajili ya rangi ya lori tu. Darasa zima likaingia kwenye orodha ya wasiosikika. Ilikuwa sheria ya mwanzo kabisa, iliyowekwa na watu waliokuwa wamezika sana na hawakutaka mchezo: kinywa kilicholeta habari ya uongo kifungwe. Mbazi alikua, akaoa, akajifunza kumtanguliza mke wake kila mlangoni. Siku kidole tumbo kilipopasuka mke alikuwa shambani. Alisimama mbele ya mlango wa zahanati mchana kweupe, akisema fungua, fungua, na mlango ukamsikia kama unavyosikia upepo. Mpita njia alipokuja kumsemea, kazi ilikuwa imekwisha.

"Watoto thelathini na mmoja," alisema Senkondo taratibu. "Maisha yao yote. Una uhakika yule mama hakutoka?"

"Sina."

"Una uhakika yuko hai?"

"Sina."

"Huenda mwamba ulishamaliza kazi. Huenda alipita upande wa pili, akaenda zake nyumbani, sasa hivi anaosha ndoo."

Nakundwa alimwona huyo mama anaosha ndoo. Alimwona vizuri kabisa, jua likimpiga mgongoni, na kitu kifuani mwake kikalegea, kikapumua. Aliona aibu ilivyokuwa tamu, pumzi ile. Ingemtosha kukaa kimya kwa dakika arobaini. Asingekuwa amesema uongo wowote. Sentensi saba zote zilipata mikono.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "upande wa pili hauna njia."

Mzee alikuwa akitazama meza yake, na Nakundwa alielewa ghafla kwamba kuna jambo analikwepa.

"Kuna kukiri," alisema Nakundwa.

"Mimi sijakwambia."

"Hujaniambia."

Lilikuwa neno pekee la mtu mzima ambalo Msimamizi alilipokea kama habari. Waliomjenga walichunguza uzushi wa miaka yote wakagundua kwamba watu walizua kila kitu isipokuwa kitu kimoja: hakuna aliyezua neno la kujiangamiza mwenyewe. Kwa hiyo mtu mzima aliyekiri, kwa kalamu ya kipimo, kwamba yeye ndiye aliyeharibu muhtasari, alisikilizwa papo hapo, na watoto hawakuguswa. Ilikuwa mara yake ya mwisho kusikilizwa.

"Una miaka thelathini na minne," alisema Senkondo. "Unaishi peke yako. Nani atakufungulia mlango, mwanangu?"

Nakundwa alichukua kalamu ya kipimo kutoka kwenye kabati la kioo, akatoka kabla miguu yake haijabadili mawazo.

*

Kalamu ile ilikuwa nene, nzito, na wino wake ulikuwa na masharti. Haikupima hofu yenyewe, kwa maana hapo nani angeandika? Ilipima kama hofu, au huruma, au tamaa inayasukuma maneno. Ikikuta yanasukumwa, wino ulikauka.

Alikaa darasani peke yake, kwenye dawati la mbele, la watoto, magoti yakigusa mbao. Saa saba kasoro dakika ishirini na mbili. Akaandika: *Mimi nimefanya kosa kubwa na la kusikitisha*.

Wino ulikauka kwenye neno kubwa.

Alichukua karatasi nyingine. *Kwa uzembe wangu, mwanamke asiye na hatia*. Ukakauka. Karatasi ya tatu alishindwa hata kuianza. Alikuwa anamwona Mbazi mlangoni. Alikuwa anajiona yeye mwenyewe, mzee, amesimama mvuani nje ya nyumba yake mwenyewe. Miaka kumi na moja amewafundisha watoto wa watu kitu hiki, akiwakemea waliokosea, na leo hakiwezi.

"Umetia chumvi, Mwalimu."

Mcharo alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma karatasi zilizotupwa. Eliwaza alikuwa pembeni yake, macho mekundu.

"Tokeni nje."

"'Kubwa' ni maoni," alisema Mcharo. "Na 'kusikitisha'. Na 'asiye na hatia' huna ushahidi."

"Mcharo, nimesema—"

"Tangua wa kwetu, Mwalimu," Eliwaza alisema haraka haraka, kama mtu anayeruka mtaro. "Tumezungumza pale nje. Tutangue tu. Wengi wamekubali."

"Wengi." Nakundwa alimgeukia. "Mtu wa miaka kumi na mitatu anakubali nini? Unajua ni nini, kutosikika? Hujui. Mimi najua. Sitaki nilisikie tena hilo neno kinywani mwako."

Alikuwa amepiga kelele. Watoto walirudi nyuma hatua moja, na wakasikia maji mbali, yakikusanyika juu ya lango la bwawa. Saa saba kasoro kumi na tatu.

Mcharo ndiye aliyevuta kiti. Alikaa mbele ya mwalimu wake, akakunja mikono mezani kama Nakundwa mwenyewe alivyozoea kukunja.

"Mtu ukimwogopea, mwandike kama unamwona dirishani," alisema. "Si ndivyo? Haya. Nani?"

Nakundwa alimtazama. Ilikuwa ujeuri, na ilikuwa somo lake mwenyewe, neno kwa neno.

"Mwalimu," alijibu. "Mwalimu wa Darasa la Pili."

"Andika. Na mwingine nani?"

"Mama wa uji."

"Jina."

Kalamu ilisimama hewani. Hakujua. Alikuwa amekunywa uji wa mwanamke yule kila asubuhi kwa miaka, getini, na hakujua anaitwa nani. Alimtazama Mcharo, na Mcharo naye hakujua.

"Mama Chediel," Eliwaza alisema. "Chediel ni mwanawe, yuko jeshini. Alimaliza hapa hapa shuleni."

Akaandika. Wino ulitoka.

"Wapi?"

"Kichumba cha pampu, ndani ya handaki."

"Lini?"

"Aliingia kabla ya paa kuanguka."

"Nani alimwona?"

"Wanafunzi sita."

"Mbona hayupo kwenye muhtasari?"

Hili halikuwa moja ya maswali ya siku zote. Mcharo alikuwa ameliongeza, na baada ya kuliuliza uso wake ulimbadilika, akawa mtoto. Nakundwa alihisi hofu imesimama pale pale ilipokuwa, haijaondoka hata kidogo, ila mkono sasa ulikuwa na kazi.

*Mwalimu aliwafundisha wanafunzi kwamba muuza uji si habari,* aliandika. *Wanafunzi walitii. Mwanafunzi mmoja alimwandika. Mwalimu alimkata.*

Wino ulikwenda mweusi, laini, hadi mwisho wa mstari. Akaweka jina lake chini na kuuingiza ukurasa kwenye tundu la ukutani. Saa saba kasoro dakika tano.

Wakasubiri. Eliwaza alikuwa ameshika mkono wa sweta ya mwalimu bila kujua. Dakika nne. Nakundwa aliomba kwa Kipare, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi ya Mbazi, na maneno mengine aliyasahau. Dakika tatu.

"Kukiri kumepokelewa," kilisema king'ora. "Maji yamesimamishwa. Lango la handaki linafunguliwa. Waokoaji waende kichumba cha pampu."

Nje watoto walipiga kelele. Ndani hakuna aliyesogea, kwa sababu sauti haikuwa imemaliza.

"Nakundwa Mbwambo. Asante."

Na jina lake halikutamkwa tena.

*

Nakundwa alifika wa kwanza kwenye geti la shule, kwa mbio, akasema "fungua". Geti lilitulia. Alijua litatulia, alikuwa amejiandaa kwa hilo. Bado akasema tena, kwa sauti zaidi, kama mpumbavu. Ikabidi amngoje Eliwaza, aliyekuja anahema, akasema neno lile lile, na geti likafunguka kwa heshima zote.

Kwenye handaki walichimba kwa muda mrefu. Wafanyakazi kumi na mmoja walikuwa wamerudi wenyewe, bila kuitwa, na yule wa zamu akiwa nao, uso chini, akichimba kuliko wote. Penye mdomo wa handaki kulikuwa na kisanduku cha kumbukumbu cha Msimamizi, kile ambacho huandika kwenye utepe wa karatasi maneno ya kila mtu aliyepo, ili madarasa ya baadaye yawe na pa kuanzia. Utepe ulikuwa unatoka bila kukoma: *vuta, polepole, leta mwanga, kuna mguu, ni mzima, ni mzima.*

Walimtoa juu ya ubao. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya, nywele zimejaa mchanga, uji umemkaukia kifuani. Lakini macho yalikuwa wazi, tena yana hasira.

"Nimegonga bomba mpaka mkono umekufa ganzi," alisema Mama Chediel. "Nikajua nimekwisha sahaulika. Nani kawaambia nimo?"

Wa zamu alitazama buti zake. Wafanyakazi walitazamana. Watoto walifungua vinywa, na Nakundwa akawawahi.

"Mimi."

Utepe haukusogea.

Aliutazama. Watu wote waliutazama. Ulikuwa umesimama kwenye *nani kawaambia nimo*, na baada ya hapo karatasi nyeupe. Ukatili wa kitu kile haukuwa na kelele yoyote. Akajaribu tena, akipaza sauti, huku machozi yakimtoka na yeye akichukia kwamba yanatoka. "Ni mimi! Na ni mimi niliyekukata asubuhi. Watoto walikuona. Niliwafundisha wasikuseme. Ni mimi, mama!"

Nyeupe.

Mama Chediel aligeuza shingo kwa taabu, akamtazama kwa muda, mwanamke mwenye viatu vya ofisini vilivyopasuka, anayepigia kelele sanduku.

"Wewe si yule mwalimu wa uji bila sukari?"

"Ndiye."

"Basi njoo unishike mkono, hawa wanaume wananivuta kama gunia." Nakundwa alisogea, akaushika. Ulikuwa wa baridi, umechubuka vifundo vyote. "Na punguza sauti, mwanangu. Nakusikia."